Kutafuta Chanzo Kabla ya Kubadilisha Kifaa: Somo la Mtetemo wa Pikapu kwa Walimu wa Amali

Utangulizi

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na kufanya Bariadi kuwa makao yake makuu, ni mkoa wa pamba, wa mifugo na wa safari ndefu. Mtu atokaye Bariadi kwenda Lamadi, Maswa, Lagangabilili au Mwanhuzi hukutana njiani na chombo kimoja kuliko vingine vyote vya mizigo midogo, nacho ni pikapu. Pikapu ndiyo ibebayo magunia ya pamba kutoka vijijini, mbuzi wa mnada, mifuko ya saruji ya kujengea madarasa, na usiku wa dharura hubeba hata mgonjwa. Gari la namna hiyo likianza kutetema kila dereva anapopunguza mwendo, si jambo la dereva peke yake. Ni jambo la wote waliopanda nyuma, na la mtoto anayevuka barabara mbele yake.

Makala haya hayakusudii kumfanya kila mwalimu kuwa fundi wa magari. Yanakusudia kuonyesha kwamba njia ya kutafuta chanzo cha mtetemo huo ni somo kamili la mbinu za kufundishia, na kwamba vyuo vyetu vya ualimu havijalipa somo hilo nafasi inayolistahili. Wakati wa kulisema jambo hili ni sasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, na utekelezaji wa mitaala iliyoboreshwa ulianza Januari 2024. Maana yake ni kwamba kijana wa kidato cha kwanza anaweza kujifunza ufundi katika shule ya sekondari, akifundishwa na mwalimu aliyetoka mikononi mwetu. Ikiwa mwalimu huyo amejua majina ya vifaa bila kujua jinsi ya kutafuta hitilafu, basi tumempa kamusi, hatukumpa ufundi.

Ubaya wa kubahatisha

Hebu tutazame jambo linalotokea mara kwa mara. Ndugu mmoja afanyaye biashara ya pamba aliona usukani wa pikapu yake ukitikisika kila alipokanyaga breki katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Akaipeleka gereji. Fundi wa kwanza alimwambia kuwa matairi yamechoka, akanunua matairi mawili mapya. Mtetemo haukuondoka. Fundi wa pili akasema ni shokamzoba, zikabadilishwa. Mtetemo haukuondoka. Wa tatu akabadilisha tairodi, naye akaongeza kwamba gari limezeeka. Baada ya gharama zote hizo, ilikuja kuonekana kwamba diski za breki za mbele hazikuwa na unene ulio sawa pande zote. Kazi ambayo ingekwisha kwa asubuhi moja ilichukua msimu mzima wa pamba.

Mafundi hao hawakuwa wavivu wala wadanganyifu. Kila mmoja alitaja kifaa ambacho kweli huweza kuleta mtetemo, na kama wangepewa mtihani wa kuandika wa kutaja sababu tano za mtetemo wa gari, yamkini wote wangefaulu. Kasoro yao ni kwamba hawakuuliza swali lolote kabla ya kufungua nati ya kwanza. Walikuwa na orodha, hawakuwa na njia ya kuipunguza orodha hiyo. Kwa lugha ya mitaani, walipiga ramli.

Sasa tujiulize, ni nani aliyewafundisha hivyo? Ufundishaji wetu mwingi wa masomo ya ufundi huanza na mchoro wa kifaa ubaoni, ukaendelea na majina ya sehemu zake, ukamalizika na orodha ya hitilafu na tiba zake, kila hitilafu mbele ya tiba yake kama mume na mke. Mwanafunzi hukariri kwamba tairi lisilo na mizani huleta mtetemo, kwamba diski iliyopinda huleta mtetemo, kwamba krosi ya propela shafti iliyolegea huleta mtetemo. Hajaambiwa jinsi ya kuitambua moja kati ya hizo wakati zote tatu zinadai kuwa ndizo. Gari halimjii fundi likiwa na jina la ugonjwa wake kifuani. Linamjia na dalili tu.

Maswali yanayotangulia spana

Fundi mwenye utaratibu hutanguliza maswali, na maswali yenyewe hayahitaji chombo chochote cha thamani. Nitayaeleza kwa urefu kidogo, maana ndiyo kiini cha somo.

Swali la kwanza: mtetemo hutokea wakati gani hasa? "Wakati wa kupunguza mwendo" ni kauli yenye mambo mawili ndani yake. Dereva huweza kupunguza mwendo kwa kukanyaga breki, na huweza kupunguza kwa kuachia mafuta tu na kuliacha gari lizuiwe na injini. Mtetemo ukija kwa breki peke yake, twende kwenye breki na vitu vinavyoshikilia magurudumu. Ukija mafuta yanapoachiwa, kabla mguu haujagusa breki, hapo breki hazina hatia. Tutazame propela shafti na krosi zake, beringi ya katikati ya shafti ikiwa ipo, mipira inayobeba injini na giaboksi, na meno ya difu. Na ukiwapo wakati wote, hata gari likitembea kwa mwendo ule ule bila kuguswa breki, basi mshukiwa wa kwanza ni gurudumu lenyewe. Kwa swali hili moja tu tumekwisha kuikata orodha vipande vitatu.

Swali la pili: mtetemo unasikika wapi? Ukisikika katika usukani, aghalabu chanzo kiko mbele. Ukisikika katika kiti na sakafu huku usukani umetulia, chanzo huenda kiko nyuma. Ukisikika katika pedeli ya breki, ikiwa inausukuma mguu juu na chini kwa mapigo yaliyopangika, ni dalili kwamba pedi zinakutana na mahali panene na mahali pembamba kwa zamu kadiri diski inavyozunguka, au kwamba dramu ya nyuma haina duara kamili. Hapa pana tahadhari. Magari mengi ya siku hizi yana mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu yasijifunge. Mfumo huo ukifanya kazi, kwa mfano dereva akikanyaga breki kwa nguvu juu ya changarawe, pedeli hutetemeka, wala hiyo si hitilafu. Kwa hiyo jaribio lifanywe kwa breki ya polepole katika barabara kavu iliyo ngumu.

Swali la tatu: je, breki za nyuma peke yake zikifanya kazi, mtetemo unakuwapo? Pikapu nyingi huwa na diski mbele na dramu nyuma, na breki ya mkono hukamata dramu za nyuma. Dereva mwenye leseni, katika barabara isiyo na watu na kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa, huweza kuvuta breki ya mkono polepole huku kitufe chake kimebanwa ili aiachie mara moja akitaka. Mtetemo ukitokea, dramu za nyuma zichunguzwe. Usipotokea, shaka juu ya breki za mbele huongezeka. Jaribio hili lisifanywe kamwe kwa magari ambayo breki yake ya mkono hukamata shafti badala ya magurudumu, kama Land Rover za zamani, maana huweza kuvunja vifaa. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo aliache jaribio hilo kabisa.

Swali la nne: ni nini kilichotangulia mtetemo? Hapa ndipo hali ya mahali petu inapoingia. Katika mbuga za Simiyu uko udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wakati wa masika hunata kama gundi. Gari likipita humo, tope hujaa ndani ya rimu, nalo jua likiwaka hukauka na kuwa zito upande mmoja. Gurudumu hilo litatikisa gari katika mwendo wa kasi kana kwamba limepinda, na dawa yake ni kijiti na ndoo ya maji. Au pengine gari lilizibwa pancha wiki chache zilizopita, na nati zikakazwa kwa nguvu upande mmoja kabla ya mwingine, zikaipinda diski kidogo. Au pedi mpya zilifungwa bila kusugua kutu na tope kati ya habu na diski, hata diski ikakaa mshazari.

Jambo hili la mwisho lina funzo kubwa. Diski iliyokaa mshazari haitikisi gari siku hiyo hiyo. Inapozunguka bila breki, sehemu yake moja huigusa pedi kidogo katika kila mzunguko, ikaliwa polepole, na baada ya kilomita elfu kadhaa unene wake hauwi sawa tena. Ndipo mtetemo huanza. Mwenye gari hukumbuka mambo ya jana, naye fundi hulaumu mambo ya jana, kumbe chanzo ni cha miezi iliyopita. Aidha, tofauti ya unene inayotosha kuleta mtetemo ni ndogo mno, ni sehemu chache za mia moja za milimita. Jicho haliioni. Hupimwa kwa mikromita, kwa kulinganisha unene mahali kadhaa kuizunguka diski.

Likabaki jambo la vifaa vilivyolegea. Boljointi, tairodi, bushi na beringi zilizochoka aghalabu si chanzo cha mtetemo wa breki, bali hukuza mtetemo mdogo uliokwishakuwapo. Ndiyo sababu fundi hubadilisha tairodi akaona gari limetulia kidogo, akadhani amepona, na baada ya muda hali ikarudi ile ile. Mwanafunzi hana budi kufundishwa kutofautisha kati ya kinachoanzisha na kinachokuza. Hata hivyo vifaa hivyo vikilegea ni hatari kwa usalama, na lazima vikaguliwe gari likiwa limeinuliwa na kuegemezwa imara.

Hesabu na fizikia zilizofichika

Walimu wa hisabati na fizikia wasidhani kwamba jambo hili haliwahusu. Tuseme tairi la pikapu lina mzingo wa mita 2.2. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde, gurudumu huzunguka mara 10 hivi kila sekunde. Likienda kilomita 40 kwa saa huzunguka mara 5. Ikiwa difu ina uwiano wa 4 kwa 1, propela shafti huzunguka mara 40 kwa sekunde katika mwendo ule wa kwanza, na mara 20 katika ule wa pili.

Maana yake ni nini kwa mtafuta hitilafu? Ni kwamba gurudumu au diski yenye kasoro hupiga mapigo ambayo mkono karibu huweza kuyahesabu, na mapigo hayo hupungua kadiri gari linavyokaribia kusimama. Propela shafti, kwa upande wake, hutoa mvumo wa haraka unaofanana zaidi na mlio kuliko mapigo. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hii ya kugawanya na kuzidisha ana sikio lililo kali kuliko la fundi aliyekaa gereji miaka mingi bila kuifanya.

Tena kuna swali wanafunzi wanalolipenda: kwa nini mtetemo huzidi katika mwendo fulani, ukapungua juu yake na chini yake? Jibu ni kwamba kila kitu kilichokaa juu ya springi kina mtikisiko wake wa asili. Mapigo ya gurudumu yakilingana na mtikisiko huo, gari hutikisika zaidi, kama vile bembea inavyopanda juu ikisukumwa kwa wakati wake. Mwalimu atakayelieleza jambo hili kwa bembea na kwa pikapu hatahitaji kulirudia mara tatu.

Na liko swali la nishati. Pikapu yenye uzito wa kilo 2,000 pamoja na mzigo, ikiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ina nishati ya mwendo ipatayo jouli 494,000. Katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa ina jouli 123,000 hivi. Mwendo umepungua nusu, lakini nishati imebaki robo. Nishati yote hiyo, dereva akitegemea breki peke yake, hugeuka kuwa joto katika diski na dramu. Hapo mwanafunzi huelewa mwenyewe kwa nini gari lililojaa magunia na kukimbizwa huchosha breki zake upesi, bila mwalimu kumhubiria juu ya mwendo wa kasi.

Jinsi ya kulifundisha pasipo na pikapu

Najua msomaji amekwisha kuuliza: shule yangu haina gari, wala gereji, wala mikromita. Pingamizi hili ni la haki, nalo lina jibu. Simiyu ina baiskeli katika karibu kila kijiji, na baiskeli ni mwalimu mwema wa jambo hili. Baiskeli yenye breki za kukamata ringi, ikiwa ringi hiyo ina bonde au imepinda, husita mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu breki inaposhikwa. Ni hitilafu ile ile kwa umbo dogo. Na mzingo wa tairi la baiskeli kubwa ya mizigo hauko mbali na ule wa tairi la pikapu, hata hesabu tulizoziona hapo juu huweza kufanywa kwa kulisukuma gurudumu duara moja juu ya ardhi na kupima alama mbili kwa futi kamba.

Somo lenyewe napendekeza lipangwe katika vipindi viwili vinavyofuatana, kwa hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza, mwalimu aeleze dalili tu, asitaje chanzo. Wanafunzi waandike maswali wanayotaka kuuliza, wala wasiruhusiwe kutaja kifaa chochote. Hatua hii ni ngumu kuliko zote. Wanachuo wetu wamezoea kuwahi kutoa jibu, maana jibu ndilo lililowapatia maksi tangu darasa la kwanza. Mwalimu avumilie kimya cha dakika chache.

Hatua ya pili, kila kikundi kipewe kadi zenye majibu ya maswali. Kadi moja inasema mtetemo huja kwa breki tu, nyingine inasema usukani hautikisiki, na kadhalika. Kadi hutolewa kwa kikundi kilichouliza swali linalohusika. Kikundi kisichouliza hakipati. Hivyo thamani ya swali huonekana bila mahubiri.

Hatua ya tatu, baiskeli igeuzwe juu chini. Kipande cha waya kifungwe kwenye foki, ncha yake ikaribie ringi. Gurudumu lizungushwe polepole, na wanafunzi watazame nafasi kati ya waya na ringi inavyopanuka na kufinyika. Mahali palipopinda patiwe alama ya chaki. Hiki ni kipimo kile kile wakitumiacho mafundi wakubwa kwa geji yenye mshale. Kinachopungua ni usahihi wake, si kanuni yake.

Hatua ya nne, wanafunzi wabadilishe jambo moja tu, kisha wajaribu tena. Wakikaza spoki, wasiguse mipira ya breki. Wakibadilisha mipira, wasiguse spoki. Mtu abadilishaye vitu vitatu kwa pamoja huenda akaiponya baiskeli, lakini hatajua kilichoiponya, na kesho atanunua tena vitu vitatu.

Hatua ya tano, kila kikundi kiandike taarifa fupi: tulichoshuku, tulichojaribu, tulichoona, tulichokiondoa katika orodha, na tulichobaki nacho. Mwalimu asahihishe taarifa hiyo kwa kutazama mfuatano wake. Kikundi kilichofika kwenye jibu sahihi kwa kubahatisha kipate maksi chache kuliko kilichokosea mwishoni baada ya kufuata njia iliyo sawa. Hapa najua wapo watakaonipinga, lakini ndilo jambo ninaloliamini kuliko yote niliyoyaandika.

Shule iliyo na gari ya kujifunzia iende mbele zaidi, ila kwa masharti. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe au vigingi, na baada ya kuinuliwa kwa jeki liegemezwe juu ya stendi kabla mtu hajaingiza mkono. Wanafunzi wasiendeshe. Na wasipulize vumbi la breki kwa mdomo, bali walifute kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi hilo hudhuru mapafu.

Pingamizi mbili

Wapo wasemao kwamba kazi hii ni ya vyuo vya ufundi stadi chini ya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kwamba vyuo vya ualimu vijishughulishe na saikolojia na maandalio ya masomo. Nakubali kwamba fundi stadi hufunzwa gerejini, tena kwa muda mrefu. Lakini mwalimu wa amali ndiye atakayemfundisha kijana kufikiri kabla ya kijana huyo kulifikia gereji lolote. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule nyingi ziliitafsiri kuwa ni jembe na shamba, zikasahau kwamba ilikusudia pia akili ipendayo kuuliza. Tusirudie tafsiri hiyo finyu kwa kuibadilisha jembe na spana.

Wengine husema muda hautoshi, muhtasari ni mrefu na mtihani unangoja. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, vipindi viwili vya kutafuta hitilafu moja kwa makini hufundisha breki, mzunguko, nishati, uwiano na usalama barabarani kwa pamoja. Mwalimu atakayehesabu vizuri ataona kwamba amekomboa muda. Isitoshe, mtaala uliotangaza kujali umahiri tangu mwaka 2005 hauwezi kuridhika na mwanafunzi anayetaja sehemu nane za breki huku hajui aanze na ipi.

Kutoka gereji hadi kwenye daftari

Nimeliweka mwisho jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Utaratibu huu haukuzaliwa gerejini. Mwaka 1910, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, John Dewey, katika kitabu chake How We Think, aliugawa ufikirio wa kina katika hatua tano: kuhisi ugumu, kuuainisha, kupendekeza ufumbuzi, kuyatafakari matokeo ya pendekezo hilo, na kulijaribu ili likubaliwe au likataliwe. Wanachuo wetu huzikariri hatua hizo kwa ajili ya mtihani wa nadharia za elimu, kisha huenda kwenye mazoezi ya kufundisha na kufanya kinyume chake.

Chukua mtoto wa shule ya msingi anayeandika kwamba 52 kutoa 37 ni 25. Mwalimu huweka alama ya kosa na kumwamuru arudie. Mtoto hurudia, akapata 25 tena. Mwalimu humwongezea maswali kumi ya kutoa, yote yakakosewa, kisha husema mtoto huyu ni mzito wa akili. Huyo ni fundi aliyebadilisha matairi, akabadilisha shokamzoba, halafu akasema gari limezeeka.

Mwalimu mwenye utaratibu angeuliza: kosa hili hutokea wakati gani? Angempa mtoto 57 kutoa 32, akaona amepata 25 sawasawa. Angempa 64 kutoa 28, akaona ameandika 44. Hapo angegundua kwamba mtoto hukosea tu pale mamoja ya juu yanapokuwa machache kuliko ya chini, kwa sababu amejifunza kutoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Mtoto huyo ana kanuni, tena anaifuata kwa uaminifu. Kanuni yenyewe ndiyo iliyopinda. Tiba yake ni vifungu vya vijiti kumi kumi na somo moja la kuazima kutoka kwenye makumi. Kazi kumi za nyongeza zingemkaza tu mahali alipopindia.

Ni watoto wangapi waliokwisha kuitwa wazito kwa sababu hakuna aliyewauliza swali la kwanza? Gari lililobadilishiwa vifaa bure humtia mwenyewe hasara ya fedha. Mtoto aliyepewa jina la uzito hulibeba jina hilo mpaka utu uzima, na hakuna gereji la kulitoa.

Mapendekezo

Kwa hiyo napendekeza kwa wakufunzi wenzangu mambo matatu. Kwanza, kila mwanachuo wa masomo ya amali na ya sayansi afanye walau kazi mbili za kutafuta hitilafu kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na taarifa zake zihesabiwe katika maendeleo yake ya kila siku. Pili, katika kuwakagua wanachuo madarasani, tuongeze kipengele kimoja katika karatasi ya tathmini: je, mwalimu alimuuliza mwanafunzi aliyekosea jinsi alivyofikia jibu lake? Tatu, vyuo na shule ziwaalike mafundi waaminifu wa mitaa yao kuja kueleza hitilafu iliyowatatiza na jinsi walivyoitafuta, maana ujuzi mwingi wa namna hii haumo katika kitabu chochote cha Kiswahili.

Wahenga wamesema dalili ya mvua ni mawingu. Walikuwa na haki, ila si kila wingu hunyesha, wala si kila mtetemo ni wa tairi. Kazi ya mwalimu ni kumfundisha kijana kulitazama wingu, kuuliza limetoka upande gani, na kungoja kidogo kabla ya kuanua nguo zote kambani. Wakufunzi walio na baiskeli moja mbovu chuoni wanaweza kuanza Jumatatu ijayo, nami nitafurahi kusoma katika jarida hili jinsi walivyofanikiwa au walivyokwama.